Apolo Kagwa: Mtumishi wa Mfalme au wa Kiti?

Katika tamthilia nyingi zinazotahiniwa, mtawala hatembei peke yake. Kando yake huwapo mshauri: mtu anayejua siri za kasri, anayefikisha amri kwa raia, na ambaye mara nyingi hubaki salama utawala unapobadilika. Katika Kigogo ya Pauline Kea, nafasi hiyo ni ya Kenga, mshauri wa Majoka. Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu mhusika wa aina hii huandika sifa moja tu, kwamba ni mnafiki au ni msaliti, kisha huhamia swali linalofuata. Jibu hilo halipati alama nyingi. Halielezi kinachomwezesha mtu kama huyo kudumu, wala gharama anayoilipa.

Ili uweze kumpima mhusika wa aina hii, soma maisha ya mtu halisi aliyeishi jirani nasi: Apolo Kagwa wa Buganda. Alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa ufalme huo, kuanzia 1889 hadi 1926. Aliwatumikia wafalme waliorithi kiti kwa kupinduana, akampigania mmoja wao hadi akarudi kitini, kisha miaka minane baadaye akawa upande wa wale waliomwondoa mfalme yuyo huyo. Unaposoma, jiulize swali moja: Kagwa alikuwa akimtumikia nani?

Ujana kasrini

Kagwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1860, katika ukoo wa Nsenene, yaani ukoo wa senene. Akiwa kijana alipelekwa kuhudumu katika kasri la Kabaka, kama walivyofanyiwa vijana wengi waliotarajiwa kupata vyeo. Kabaka ndilo jina la cheo cha mfalme wa Buganda. Kasri lilikuwa shule ya siasa. Kijana aliyehudumu humo alijifunza kusoma uso wa mfalme kabla mfalme hajafungua kinywa, na alijua kwamba neno moja lingeweza kumpandisha cheo au kumpeleka kaburini.

Wakati huo dini tatu za kigeni zilikuwa zimeingia kasrini: Uislamu kutoka pwani, Uprotestanti wa wamishonari Waingereza na Ukatoliki wa mapadre Wafaransa. Kagwa aliingia upande wa Waprotestanti. Mwaka 1884 Kabaka Muteesa wa Kwanza alifariki, na mwanawe Mwanga akatawazwa akiwa bado kijana mdogo.

Mwanga aliwaogopa wageni, na hofu yake haikuwa ya bure. Mwanafunzi wa Kakamega asidhani kwamba mambo haya yalitokea mbali. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipitia kwa Nabongo Mumia wa Wanga akielekea Buganda, na akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mwaka uliofuata, Mwanga aliwageukia vijana wa kasri lake waliokuwa wameshika Ukristo. Wengi waliteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kagwa naye alikamatwa, akapigwa na Mwanga mwenyewe hadi akajeruhiwa, lakini hakuuawa. Baada ya hapo aliendelea kuhudumu kasrini chini ya mfalme huyo huyo aliyempiga. Shika jambo hili akilini, kwa maana ndilo dalili ya kwanza ya tabia yake: Kagwa hakuacha kasri kwa sababu ya mtu aliyeketi kitini.

Miaka miwili, wafalme watatu

Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwaondoa vijana wote wa dini hizo tatu kwa kuwapeleka katika kisiwa cha Ziwa Viktoria na kuwatelekeza huko. Siri ilivuja. Vijana walikataa kuingia mitumbwini. Waislamu na Wakristo waliungana, na Septemba mwaka huo wakampindua. Mwanga alikimbilia kusini mwa ziwa, na ndugu yake Kiweewa akatawazwa. Kagwa alikuwa miongoni mwa machifu waliopewa vyeo vikubwa katika serikali hiyo mpya.

Umoja huo haukudumu hata miezi miwili. Oktoba 1888 Waislamu waliwafukuza Wakristo katika mji mkuu. Kiweewa, aliyekataa kutahiriwa, aliondolewa na baadaye akauawa. Kalema akashika kiti. Kagwa na wenzake walikimbilia Ankole, ambako Omugabe Ntare aliwapa hifadhi katika eneo la Kabula. Huko uhamishoni kiongozi wa Wakristo alikuwa Mkatoliki, Honorat Nyonyintono.

Wakimbizi hao walikabiliwa na uamuzi mgumu. Walikuwa na bunduki na wapiganaji, lakini hawakuwa na mwana wa mfalme wa kumweka mbele. Bila mwana wa mfalme, raia wa Buganda wangewaona kuwa waasi tu. Basi wakamgeukia Mwanga, yule aliyewachoma ndugu zao miaka mitatu tu iliyopita. Mwanga naye, akiwa mhamishwa asiye na jeshi, akawakubali watu aliokuwa amewatesa. Kila upande ulihitaji kile ulichokosa.

Nyonyintono aliuawa vitani mwaka 1889. Oktoba mwaka huo Mwanga alirudishwa kitini, na Kagwa akawa Katikiro. Kalema alipata nguvu tena na kuwafurusha kwa muda, lakini mapema mwaka 1890 alishindwa kabisa. Kwa hiyo Kagwa alipata cheo chake kwa kumrejesha madarakani mtu aliyemshinda mwaka 1888 na aliyemjeruhi mwaka 1886.

Bunduki za mgeni

Baada ya ushindi, washindi walitofautiana. Vyeo viligawanywa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kila kundi lililichungulia sahani la mwenzake. Mwanga alielekea upande wa Wakatoliki, ambao walikuwa wengi zaidi. Katikiro wake aliongoza upande wa Waprotestanti. Tazama hali hiyo ilivyokuwa ya ajabu: mfalme na waziri wake mkuu walikuwa katika kambi mbili zinazohasimiana.

Mwishoni mwa mwaka 1890 aliwasili Kapteni Frederick Lugard, mwakilishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kagwa aliona mlango wa kutokea. Tarehe 24 Januari 1892 makundi hayo mawili yalipigana Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, na mzinga wa Maxim ukaamua vita. Mwanga alikimbia. Baada ya mazungumzo alirudi mwezi Machi, lakini mamlaka yake yalikuwa yamepungua sana. Mwaka 1894 Uganda ilitangazwa kuwa nchi lindwa ya Uingereza.

Julai 1897 Mwanga alitoroka mji mkuu na kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Hapa ndipo Kagwa alipolazimika kuchagua waziwazi. Alichagua Waingereza. Aliongoza wapiganaji dhidi ya mfalme wake mwenyewe, na Agosti mwaka huo Mwanga alitangazwa kuwa ameondolewa. Mtoto wake Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu, alifanywa Kabaka. Mwanga alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyekuwa hasimu wake wa zamani. Wote wawili walipelekwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903.

Enzi ya walezi wa mfalme

Mfalme akiwa mtoto wa kubebwa, nchi iliongozwa na walezi watatu: Kagwa, Stanislaus Mugwanya aliyewawakilisha Wakatoliki, na Zakaria Kisingiri. Hawa ndio waliotia sahihi Mkataba wa Buganda na Sir Harry Johnston tarehe 10 Machi 1900.

Mkataba huo ndio kipimo bora cha kazi ya Kagwa, kwa kuwa una pande mbili. Upande wa kwanza, Buganda ilibaki na Kabaka wake, baraza lake la Lukiiko na machifu wake, wakati falme nyingine zilipoteza mengi zaidi. Bunyoro, kwa mfano, ilinyang'anywa maeneo ambayo Buganda iliongezewa. Upande wa pili, ardhi iligawanywa upya. Takriban maili mraba 8,000 zilitengewa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, na eneo jingine kubwa likawa la serikali ya kikoloni. Mkulima wa kawaida aliamka akajikuta mpangaji katika shamba la chifu, huku akidaiwa kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Wazee wa koo walipoteza ardhi ya makaburi ya mababu zao, na katika miaka ya 1920 malalamiko yao yalivuma kote Buganda. Kagwa alikuwa miongoni mwa waliofaidika zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Haitoshi kumwita mlafi, hata hivyo. Mwaka 1901 alichapisha kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda kwa Kiganda, kisha akaandika kuhusu mila na koo za watu wake. Mambo mengi yaliyokuwa vinywani mwa wazee yalihifadhiwa kwa kalamu yake. Mwaka 1902 alisafiri hadi Uingereza kwa sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba akiandamana na katibu wake Ham Mukasa, na mwaka 1905 akatunukiwa cheo cha Sir.

Kushuka ngazi

Daudi Chwa alifikia umri wa kutawala mwaka 1914. Mfalme mzima hapendi kuongozwa na mlezi wake, na kadiri miaka ilivyopita uhusiano wao uliharibika. Waingereza nao walikuwa wamebadilika. Maafisa wapya hawakumkumbuka Kagwa aliyepigana nao bega kwa bega mwaka 1892 na 1897. Waliona mzee mkaidi anayezuia kazi yao.

Mwaka 1926 kulizuka mzozo kati yake na afisa mmoja wa serikali ya kikoloni kuhusu mamlaka ya kutoa vibali vya pombe. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini swali lililofichika ndani yake lilikuwa kubwa: nani anatawala Buganda? Wakubwa wa kikoloni walisimama na afisa wao. Kagwa alijiuzulu. Februari 1927 alifariki mjini Nairobi, mbali na kasri alilolihudumia tangu ujana.

Tathmini

Watumishi wa aina hii wamekuwapo kila mahali ambapo wakubwa wamegombania kiti. Huko China, nasaba ya Han ilipokuwa ikiporomoka zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, mshauri aliyeitwa Jia Xu alipita kutoka kwa mbabe wa vita mmoja hadi mwingine, akaishia kuwa mtu mkubwa katika serikali ya aliyeshinda. Tofauti ni kwamba Jia Xu alihama kutoka bwana hadi bwana, ilhali Kagwa alibaki kasrini wakati wafalme wakipita.

Basi alikuwa akimtumikia nani? Hakumtumikia Mwanga kama mtu, kwa kuwa alimpindua, akamrejesha, kisha akampiga vita. Alikitumikia kiti: Kabaka lazima awepo, Lukiiko lazima ikae, na kundi lake lazima liwe karibu. Kwa kipimo hicho alikuwa mwaminifu maisha yake yote. Kosa lake ni kwamba alikilinda kiti hicho kwa bunduki zisizo zake. Nguvu ya kuazima ina mwenyewe, na mwenyewe alipoitaka mwaka 1926, Katikiro hakuwa na mfalme wa kumkinga wala raia wa kumlilia, maana mfalme alikuwa amemchoka na raia walikuwa wamepoteza ardhi.

Unapojibu swali kuhusu mshauri wa mtawala, usikomee kwenye neno msaliti. Onyesha anachokilinda, anachokipata, na ni nani anayelipa. Kila hoja iambatane na tukio.

Maswali ya marudio

1. Kwa kurejelea matukio ya 1886, 1889 na 1897, eleza jinsi uhusiano wa Kagwa na Mwanga ulivyobadilika. (alama 6)
2. Mkataba wa 1900 uliokoa ufalme na kuwaumiza raia. Jadili. (alama 8)
3. Linganisha na ulinganue nafasi ya Kagwa na ile ya Kenga katika Kigogo. (alama 10)
4. Kwa maoni yako, je, Kagwa alikuwa mzalendo? Toa hoja tatu za kuunga mkono na mbili za kupinga. (alama 10)