Marshall Ward: Mtaalamu aliyeichunguza kutu ya mibuni
KUTU ya mibuni iliripotiwa kwanza mwaka 1861 kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, miaka 40 kabla ya reli kufika Kisumu. Aliyebainisha inavyoenea ni Harry Marshall Ward, Mwingereza aliyezaliwa Hereford mwaka 1854.

Mwaka 1880 alitumwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kutu ilikokuwa ikiteketeza mashamba. Aligundua kuwa huenezwa na upepo, na kwamba mashamba makubwa ya zao moja huifungulia njia. Tiba hakuipata, wakulima wakahamia chai.

Baadaye, akiwa profesa Cambridge, alichunguza kwa nini baadhi ya mimea huistahimili kutu. Alifariki mwaka 1906. Kenya ilitoa Ruiru 11, mbuni unaoistahimili, mwaka 1985.