Maisha ya Sheikh Muhammad Abduh na Elimu za Al-Azhar



Katika kitabu hiki cha ukumbusho imeonekana vyema kuweko na habari za maisha ya mwanachuoni mmoja, kwani kazi kubwa ya jumuiya tangu kuasisiwa kwake imekuwa ni kusomesha. Wapo waliopendelea tuandike habari za Maimamu wanne, lakini habari zao zimekwisha andikwa mara nyingi, na kwa kalamu zilizo bora kuliko hii. Tumemchagua Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, kwa sababu swali lililomshughulisha umri wake wote ndilo lile lile linalozuka kila tunapokutana kuzungumza habari za watoto wetu: ni elimu zipi zinazostahiki kusomeshwa katika nyumba ya elimu ya Waislamu, nazo zisomeshwe kwa njia gani?

Sheikh Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika nchi ya chini ya Misri, kule mto wa Nili unakogawanyika kabla ya kuingia baharini, akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr. Wazazi wake walikuwa watu wa kulima. Alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, akahifadhi Kurani yote angali mtoto, na mwaka 1862 baba yake akampeleka mji wa Tanta, katika msikiti wa Sayyid Ahmad al-Badawi, ili aitengeneze tajwidi yake na kisha asome elimu nyingine.

Tajwidi haikumshinda. Iliyomshinda ni nahau. Alianzishwa kwa sharhe ya Ajurrumiya, kitabu ambacho wengi wetu tulikishika udogoni, na mwalimu wake alikuwa akimimina istilahi za wanahau kama kwamba yule kijana amezaliwa nazo, asimweleze maana ya neno hata moja. Mwaka mmoja na nusu ulipita naye haelewi analosikia. Akakata tamaa kabisa, akatoroka, akarudi kijijini, akaoa mwaka 1865 hali ni kijana wa miaka kumi na sita, akaazimia kushika jembe kama nduguze. Baba yake hakukubali, akamlazimisha arudi Tanta, naye njiani akageuza farasi wake akakimbilia kijiji cha jamaa za baba yake.

Katika kijiji hicho alikuwako mzee mmoja, Sheikh Darwish, mjomba wa baba yake. Mzee huyu alikuwa amesafiri mpaka Tarabulusi ya Magharibi, akachukua tarika huko, kisha akarudi kwao kulima shamba lake. Hakuwa mwalimu wa msikiti wowote. Alimjia yule kijana na kitabu mkononi, akamwomba amsomee kwa kuwa macho yake yamedhoofu. Kijana akakasirika, akakitupa kitabu. Mzee akakiokota, akatabasamu, akarudi tena baadaye, na tena. Hata yule kijana alipoona haya akasoma mistari michache, na mzee akamfasiria kila alichokisoma kwa maneno mepesi ya kueleweka. Hazikupita siku nyingi ila yule aliyekuwa akichukia vitabu amekuwa hawezi kutengana navyo, na michezo ya wenzake imemtoka moyoni.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Huyu mtu ambaye baadaye alikuwa Mufti wa Misri alikaribia kupotea, na hakukaribia kupotea kwa upungufu wa akili wala kwa ukaidi, bali kwa sababu mwalimu hakumweleza. Ni wangapi katika vyuo vyetu wameondoka vivyo hivyo, nasi tukasema kuwa hawakuandikiwa elimu?

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar katika mji wa Kairo. Msikiti huo ulijengwa baina ya mwaka 970 na 972, na katika zama hizo za Abduh palikuwa hapana mahali pa elimu katika nchi za Waislamu palipokuwa mashuhuri zaidi. Walimu walikaa kila mmoja kwenye nguzo yake, na wanafunzi wakamzunguka chini duara. Wanafunzi walilala katika riwaki, kila watu na riwaki yao: riwaki ya Watu wa Shamu, ya Wamaghribi, ya Waturuki, na ya Wajabarti waliotoka pande za Uhabeshi na Zeila. Hapakuwa na daftari la kuhudhuria, wala mtihani wa kila mwaka, wala mpango uliowekwa wa masomo. Kilichosomwa zaidi ni fikihi na nahau, nacho kilisomwa kwa ngazi: matini, kisha sharhe ya matini, kisha hashia ya sharhe, kisha maelezo juu ya hashia. Mwanafunzi aliweza kukaa miaka mingi akibishana juu ya herufi moja ya mwandishi wa hashia, asiifikie aya au hadithi iliyokuwa ndiyo asili ya mas-ala yenyewe.

Kila likizo Abduh alirudi kijijini, na Sheikh Darwish akamwuliza amesoma nini. Je, amesoma mantiki? Je, amesoma hesabu na elimu ya vipimo? Abduh akajibu kuwa elimu hizo Al-Azhar hazisomeshwi. Mzee akamwambia azitafute popote zilipo. Basi akazitafuta. Alimpata Sheikh Hasan al-Tawil, aliyekuwa akijua mantiki na falsafa, na mwaka 1871 alipokuja Sayyid Jamaluddin al-Afghani kukaa Kairo, Abduh akaambatana naye, akasoma kwake vitabu vya hikima na kalamu vilivyokuwa vimesahauliwa makabatini. Haya yalimletea adui mapema. Alipoketi mbele ya jopo la maulamaa mwaka 1877 kutahiniwa, wapo miongoni mwao waliokuwa wamekwisha azimia kumwangusha. Alipita, akapewa shahada ya daraja ya pili.

Sasa akawa mwalimu, na ndipo tunapoiona tabia yake iliyo wazi. Katika Al-Azhar alisomesha mantiki na tauhidi. Nyumbani kwake aliwasomesha wanafunzi kitabu cha Ibn Miskawaihi juu ya maadili, na pamoja nacho tawarikhi ya ustaarabu wa Ulaya iliyotungwa na Mfaransa Guizot na kufasiriwa kwa Kiarabu. Na mwaka 1878 alipowekwa kusomesha Darul Ulum, shule ya serikali ya kuwaandaa walimu, alisomesha Mukaddima ya Ibn Khaldun, yaani elimu ya kuinuka na kuanguka kwa dola, wakati ambapo dola ya Misri yenyewe ilikuwa ikizama katika madeni ya watu wa Ulaya. Mwanafunzi mwenye akili hakuhitaji kuambiwa kwa nini amefunguliwa kitabu hicho.

Mwaka uliofuata, 1879, Sayyid Jamaluddin akafukuzwa Misri na Abduh akaamrishwa kukaa kijijini kwake. Mwaka 1880 alirudishwa na kupewa kazi ya kuhariri gazeti la serikali. Ikaja fitina ya Urabi Pasha na Waingereza wakaitwaa nchi mwaka 1882. Abduh alishitakiwa kwa kuwa upande wa Urabi, akahukumiwa kuhama nchi. Miaka sita alikuwa nje. Mwaka 1884 alikuwa Paris pamoja na Sayyid Jamaluddin wakitoa gazeti la Al-Urwatul Wuthqa, ambalo lilitoka mara 18 tu likafungwa, lakini likasomwa toka Bara Hindi mpaka Magharibi. Kisha akakaa Beirut, akasomesha katika madrasa ya Sultaniya. Hapo, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa vijana wasioweza vitabu vizito, alilazimika kuieleza tauhidi kwa ufupi na kwa lugha safi, na darsa hizo ndizo zilizokuja kuwa Risalatut Tauhid, iliyopigwa chapa mwaka 1897. Kitabu chake kilicho mashuhuri kabisa, basi, kilizaliwa darasani.

Aliporejea Misri mwaka 1888 alitaka asomeshe. Khediwi Taufiki hakutaka mtu huyu awe karibu na vijana, akamfanya kadhi katika mahakama za nchi. Alihukumu kwa uadilifu, akajifunza Kifaransa hali amekwisha kuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, akangojea.

Mlango ulifunguka mwaka 1895. Khediwi mpya, Abbas Hilmi, aliridhia iwekwe halmashauri ya kuiendesha Al-Azhar, na Abduh akawa mmoja wa wajumbe wake. Wengi hudhani kuwa mtu wa islahi huanza kwa hotuba. Yeye alianza kwa mkate. Wanafunzi waliishi kwa mikate ya wakfu, nayo haikuwa ikigawanywa kwa haki, basi mgawanyo wake ukawekewa utaratibu na kipimo chake kikaongezwa. Walimu wengine walikuwa wakipata mshahara usiotosha hata chakula, na wengine hawapati kitu, kwa kuwa mambo yote yalitegemea radhi ya Sheikh mkuu. Ikawekwa kanuni ya mishahara. Yakaletwa maji safi, taa zikabadilishwa, malazi yakatengenezwa, akawekwa tabibu na dawa. Mwaka 1896, kipindupindu kilipoingia, wanafunzi wa riwaki ya Shamu waliwazuia watu wa serikali kumchukua mgonjwa, askari wakaingia, na risasi zikapigwa ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Aliyeyaona hayo hawezi kusema kuwa habari ya tabibu ni jambo dogo katika mahali pa elimu.

Kisha akayaingia masomo yenyewe. Elimu ziligawanywa mafungu mawili: zilizo makusudio, kama tafsiri, hadithi, fikihi na tauhidi, na zilizo nyenzo, kama nahau na mantiki. Ikaamuliwa kuwa nyenzo zisiule wakati wa makusudio. Ikaongezwa hesabu, tawarikhi ya Uislamu, insha na mafunzo ya jiografia, na yakawekwa majaribio ya kila mwaka yenye zawadi kwa waliofaulu. Vitabu vilivyokuwa vimetawanyika katika riwaki, vingine vikiliwa na wadudu, vikakusanywa katika maktaba moja.

Maulamaa wengi walipinga, na si haki kusema kuwa wote walipinga kwa husuda. Wapo walioona kuwa Waingereza wameishika nchi, na kwamba kila mlango mpya unaofunguliwa Al-Azhar watapitia humo wao. Abduh mwenyewe aliwapa hoja, kwani alikuwa akizungumza na Lord Cromer, mtawala wa Kiingereza, na alimtegemea kuwa ngao yake Khediwi alipomgeukia. Yeye aliona ni afadhali kuitumia fursa hiyo kuliko kungoja nchi iwe huru ndipo wasomeshe. Mimi mwandishi naona alikuwa na haki katika habari ya masomo, na kwamba ngao ile ilimgharimu zaidi kuliko alivyokisia.

Mwaka 1899 alifanywa Mufti wa Misri. Maswali yalimjia toka mbali, hata Waislamu wa Transvaal katika Afrika ya Kusini walimwuliza mwaka 1903 juu ya kuvaa kofia za Kizungu, nyama iliyochinjwa na Wakristo, na Mshafii kusali nyuma ya Mhanafi. Majibu yake yalizua kelele nyingi, na mpaka leo watu wa fikihi wanayo maneno yao juu ya baadhi ya rai zake. Hayo tunawaachia wenyewe.

Lakini cheo cha Mufti hakikumtoa darasani. Jioni alikuwa akikaa Al-Azhar akifasiri Kurani, akiisoma aya na kuieleza moja kwa moja, hashia zikiwekwa kando. Alisomesha pia balagha kwa vitabu vya Abdulqahir al-Jurjani, vitabu ambavyo watu walikuwa wameviacha wakashika muhtasari wa muhtasari wake. Mwaka 1900 ilianzishwa jumuiya ya kufufua vitabu vya Kiarabu, naye akiwa kiongozi wake, ikapiga chapa Al-Mukhassas ya Ibn Sida, kamusi ya juzuu 17. Taha Husein, kijana kipofu aliyefika Al-Azhar mwaka 1902, aliwahi kumsikia katika siku zake za mwisho.

Mwezi wa Machi 1905 Khediwi alitamka mbele ya maulamaa maneno yaliyoonyesha wazi kuwa hataki islahi tena Al-Azhar. Abduh akajiuzulu halmashauri. Alikuwa tayari mgonjwa wa saratani, na tarehe 11 Julai 1905 akafariki mjini Iskandaria, akazikwa Kairo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Miongoni mwa waliosimama mwaka 1906 kuasisi Chuo Kikuu cha Misri, kilichofunguliwa mwaka 1908, walikuwamo rafiki zake Saad Zaghlul na Qasim Amin. Al-Azhar yenyewe iligawanywa vyuo vitatu mwaka 1930, na kwa sheria ya mwaka 1961, katika zama za Sheikh Mahmud Shaltut, ikafunguliwa milango ya utabibu, uhandisi na ukulima. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, mawazo yake yalifika katika kurasa za Al-Manar, na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikuwa mmoja wa walioyapokea, akaandika kwa Kiswahili katika Sahifa na Al-Islah ili watu wa kawaida waelewe.

Ama tafsiri, darsa zake zilikuwa zimefika aya ya 125 ya Suratun Nisaa. Mwanafunzi wake Sayyid Rashid Ridha, aliyekuwa akiziandika tangu mwanzo, aliendelea mwenyewe kutoka hapo kwa miaka thelathini, naye akafariki mwaka 1935 akiwa katika Surat Yusuf.