Samuel Colt, aliyeahidi bastola ya kutengenezwa kwa bisibisi

ASKARI aliyevunjikiwa na chombo cha bunduki yake mwanzoni mwa karne ya 19 hakuwa na la kufanya ila kumtafuta fundi. Kila kipande kilikuwa kimechongwa kwa tupa kiingiane na bunduki hiyo moja pekee, na cha mwenzake hakikumfaa kitu.

Aliyejitangaza duniani kuwa amekomesha adha hiyo ni Samuel Colt, Mwamerika aliyezaliwa Julai 19, 1814 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Ahadi yake ilimtajirisha kupindukia, ingawa haikutimia kikamilifu kama alivyoinadi.

Colt alifiwa na mamake akiwa hajatimiza umri wa miaka saba. Babake alikuwa mfanyabiashara ambaye mali yake iliyeyuka, na kijana huyo akapelekwa kufanya kazi katika shamba la watu akiwa na umri wa miaka 11.

Mnamo Julai 4, 1829, akiwa Ware, Massachusetts, alilipua baruti katika ziwa dogo ili kuwatumbuiza watu. Waliorushiwa maji na matope hawakufurahi, lakini miongoni mwa waliokuwepo ni fundi mitambo kijana, Elisha Root, ambaye miaka 20 baadaye angekuwa mhimili wa kiwanda chake.

Mwaka uliofuata alipanda merikebu kuelekea Calcutta, India. Ni katika safari hiyo alipochonga kwa mbao mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka kila nyundo inapovutwa nyuma. Wazo la silinda ya kuzunguka halikuwa lake la kwanza. Elisha Collier alikuwa ametengeneza silaha ya aina hiyo kabla yake. Jipya la Colt lilikuwa kuifunganisha nyundo na silinda ili tendo moja lifanye kazi zote mbili.

Aliporejea nyumbani hakuwa na fedha za kuwalipa mafundi. Akajipachika jina la Daktari Coult na kuzunguka miji akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha, mapato yakiishia kwa wahunzi wa bunduki waliomtengenezea mifano ya chuma.

Alipata hataza nchini Uingereza mwaka wa 1835 na Marekani mnamo Februari 25, 1836, akafungua kiwanda mjini Paterson, New Jersey. Hapo ndipo masaibu yalipoanza.

Bastola ya Paterson ilikuwa ya risasi tano na yenye vipande vingi vidogo vilivyokuwa dhaifu. Matoleo yake ya kwanza yalimlazimu mtumiaji kuifumua kiasi ili aishindilie upya, jambo gumu kwa mtu aliye juu ya farasi huku adui akimkaribia. Jeshi la Marekani halikuridhika, na kiwanda kikafungwa mwaka wa 1842.

Mwaka huohuo ulimletea msiba mwingine. Nduguye John, aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mpiga chapa jijini New York, alijitoa uhai siku aliyotarajiwa kunyongwa.

Kilichomwokoa ni vita. Walinzi wa mpaka wa Texas walikuwa wametumia bastola za Paterson mwaka wa 1844 dhidi ya Wakomanchi, wapiganaji stadi ambao waliweza kufyatua mishale kadhaa huku mwenye bunduki akiendelea kushindilia risasi moja. Ushindi huo wa Texas ulikuwa hasara ya wenyeji waliokuwa wakipokonywa ardhi yao, na haifai sifa za mvumbuzi zifunike ukweli huo.

Vita kati ya Marekani na Mexico vilipozuka, Kapteni Samuel Walker alimweleza Colt mapungufu ya bastola ile. Kwa pamoja wakabuni nyingine ya risasi sita, yenye uzani wa takriban kilo mbili, na serikali ikaagiza 1,000. Kwa kuwa Colt hakuwa na kiwanda tena, zilitengenezwa mwaka wa 1847 katika karakana ya Eli Whitney mdogo. Walker aliuawa vitani mwaka huohuo.

Bastola zilizofuata, hasa ile ya 1851 iliyopewa jina la Jeshi la Majini, zilikuwa rahisi kutunza. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na kutu huanza upesi. Mwenye silaha alichomoa kabari moja, akautoa mtutu, kisha silinda, akaviosha kwa maji moto na sabuni, akavikausha na kuvipaka mafuta. Waliouziwa bastola ndani ya kasha walipata pia kopo la baruti, kalibu ya kusubu risasi, na kifaa kimoja kilichokuwa bisibisi na vilevile spana ya kufungulia vichuchu vya kuvikwa fataki.

Root aliingia kazini mwaka wa 1849 na kubuni mashine zilizokata chuma kwa vipimo vilivyokaribiana sana. Katika Maonyesho Makuu ya London mwaka wa 1851, Colt alitamba kwa silaha zake, na mwaka wa 1853 akafungua kiwanda jijini humo.

Hata hivyo, mafundi wake bado walishika tupa. Vipande vililinganishwa kwa mkono kabla ya chuma kukazwa kwa moto, kisha vikapigwa nambari ili visichanganyike. Iwapo vingeingiliana kabisa, nambari hizo zingekuwa za nini?

Colt hakuchagua wateja. Aliwauzia Waingereza na Warusi wakati wa Vita vya Crimea, na majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyotetea utumwa aliyauzia hadi vita vilipozuka Aprili 1861.

Alifariki Januari 10, 1862 akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kuugua jongo kwa muda mrefu. Mjane wake, Elizabeth, alikijenga upya kiwanda kilichoteketea mwaka wa 1864, na familia haikukiuza hadi 1901.

Bastola za enzi yake ziko mikononi mwa makavazi na wakusanyaji. Anayetaka kununua moja hutazama kwanza nambari kwenye mtutu, fremu, silinda hadi ile kabari ndogo, kwani iliyobadilishwa kipande hushuka bei. Wanaojua kuzitunza huzipaka mafuta kidogo, hutumia bisibisi inayoingia barabara ili wasiharibu vichwa vya skrubu, na hawathubutu kuzisugua zing'are.