Boris Karloff: Sura maarufu, filamu zilizosahaulika

Na Mwandishi Wetu

UKILITAJA jina la Boris Karloff mbele ya kijana wa mjini, huenda akatikisa kichwa kwamba hamjui. Mwonyeshe picha ya jitu lenye utosi bapa, kope nzito na vipande viwili vya chuma shingoni, naye atalitambua papo hapo, na pengine atakwambia kuwa linaitwa Frankenstein. Atakuwa amekosea. Frankenstein ni msomi aliyeliumba jitu hilo. Lenyewe halikupewa jina.

Sura hiyo ilionekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1931. Ndiyo iliyomtoa Karloff katika ufukara, na ndiyo iliyozifunika kazi zake nyingine, zikiwamo filamu mbili au tatu ambazo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni bora kuliko hiyo iliyompa jina.

Wazazi wake walimwita William Henry Pratt. Alizaliwa Novemba 23, 1887, Camberwell, kusini mwa London, akiwa kitinda mimba katika familia yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, katika idara ya mapato ya chumvi. Ukoo wake ulikuwa na mchanganyiko wa damu ya Kiingereza na Kihindi, jambo ambalo katika Uingereza ya Malkia Victoria halikusemwa kwa sauti. Mama yake alikuwa mpwa wa Anna Leonowens, yule mwalimu aliyewafundisha watoto wa mfalme wa Siam, nchi inayoitwa leo Thailand, na ambaye naye aliificha asili yake ya India hadi kufa kwake.

Kijana Pratt alikuwa na rangi ya maji ya kunde, matege, kigugumizi na kitembe. Kigugumizi alikishinda. Kitembe hakikumwacha, na mtazamaji makini anakisikia katika filamu zake zote za sauti.

Kaka zake walikuwa watu wa ofisi za serikali. Mmoja wao, John Pratt, alikuja kuwa mwanadiplomasia aliyetumikia China na kupewa hadhi ya Sir. Familia ilitaka mdogo wao afuate njia hiyohiyo. Yeye aliyaacha masomo yake katika chuo cha King's College, na mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 21, akapanda meli kwenda Kanada.

Huko alifanya kila kazi iliyopatikana, kuanzia ya shamba hadi ya kuchimba mitaro, kisha akajiunga na vikundi vya maigizo vilivyozunguka miji midogo ya magharibi. Ndipo alipojiita Boris Karloff. Alieleza kuwa Karloff lilitoka upande wa mama yake, lakini hakuna aliyepata ushahidi wa jambo hilo. Juni 30, 1912, kimbunga kilipoupiga mji wa Regina na kuua watu, kikundi chake kilikuwa hapohapo. Waigizaji waliingia mitaani kusaidia kuondoa vifusi, na baadaye wakaandaa onyesho la kuchangia waathirika.

Alipofika California mwishoni mwa muongo huo, sinema bado ilikuwa bubu. Kwa sababu ya rangi yake alipewa nafasi za Mwarabu, Mhindi au Mmeksiko, mara nyingi akiwa mtu mbaya anayekufa kabla hadithi haijaisha. Kazi ilipokosekana, aliendesha lori na kupakia mizigo. Hadi kufikia mwaka 1931 alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 80, na bado hakuwa na hakika ya kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata.

Mwaka huo mwongozaji James Whale alimwona akila katika mkahawa wa studio ya Universal, akavutiwa na umbo la kichwa chake. Mtaalamu wa vipodozi, Jack Pierce, alitumia takriban saa nne kila asubuhi kumgeuza mwigizaji huyo kuwa maiti iliyofufuliwa. Karloff alivaa viatu vizito na nguo nene chini ya joto la taa, na katika tukio la kumbeba mwenzake mgongoni kupanda kilima, lililorudiwa mara nyingi, aliumia mgongo. Mgongo huo ulimsumbua maisha yake yote. Siku moja alifanya kazi kwa saa 25 mfululizo. Filamu ilipotoka, orodha ya waigizaji ya mwanzoni iliweka alama ya kuuliza mahali palipostahili jina lake.

Wengi hutaja vipodozi, lakini kilicholipa uhai jitu lile ni macho yake. Karloff aliliigiza kama mtoto mchanga aliyeletwa duniani bila ridhaa yake, akapigwa na kuogopwa kabla hajajifunza kusema. Yupo msichana mdogo anayecheza nalo kando ya ziwa, wakirusha maua yaelee majini. Maua yanapokwisha, jitu linamrusha na msichana, likidhani naye ataelea. Wadhibiti wa filamu walilikata tukio hilo, na kwa miaka zaidi ya 50 watazamaji waliona mkono ukinyooshwa tu, kisha baba akiubeba mwili wa mwanawe. Wakabaki kuwaza jambo baya zaidi ya lile lililotendeka.

Ile siku ya saa 25 haikusahaulika. Mwaka 1933, wakati studio zilipokuwa zikiwafukuza waigizaji wenye madai, Karloff alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama chao cha wafanyakazi huko Hollywood, Screen Actors Guild. Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, na angeweza kunyamaza akalinda kitumbua chake. Badala yake aliwashawishi wenzake wajiunge.

Mwaka huo pia alirudi Uingereza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 24, kuigiza filamu iitwayo The Ghoul. Alikuwa na wasiwasi kwamba kaka zake, watu wazima wenye vyeo, wangemwonea haya. Mpiga picha alipotokea, waheshimiwa hao waligombania nafasi ya kusimama karibu naye.

Filamu za enzi hiyo zinazostahili kutafutwa ni nyingi kuliko zinavyotajwa. The Old Dark House ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Whale huyohuyo, ina wasafiri waliokwama kwenye mvua katika nyumba ya ukoo wenye vichaa, na Karloff ni mtumishi bubu, mlevi, mwenye makovu usoni. Inatisha na kuchekesha kwa wakati mmoja, jambo gumu kulifanya. Haki zake zilibadilika mikono, nakala zikatoweka, hadi mwongozaji Curtis Harrington alipofanikiwa kuifukua katika maghala ya Universal mwaka 1968. The Black Cat ya mwaka 1934 inamkutanisha na Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula, ndani ya nyumba ya kisasa iliyojengwa juu ya uwanja wa vita uliojaa wafu.

Aliliigiza jitu la Frankenstein mara tatu, ya mwisho mwaka 1939, kisha akakataa kuendelea. Aliona kuwa limekwisha kugeuzwa kikaragosi, na hakuwa tayari kulicheka. Mwaka 1941 aliingia katika jukwaa la Broadway na mchezo wa kuchekesha, Arsenic and Old Lace, akiigiza muuaji anayekasirika kila anapoambiwa kuwa amefanana na Boris Karloff. Watu walijaa. Hata hivyo, katika sinema alikuwa akirudia daktari kichaa yuleyule, filamu baada ya filamu.

Aliyemtoa huko ni mtayarishaji Val Lewton wa studio ya RKO, mzaliwa wa Yalta. Wakubwa wa studio walimpa Lewton bajeti ndogo na majina ya filamu ya kuvutia macho. Yeye akawapa filamu ambazo hofu yake hutoka katika kile kisichoonekana. Karloff alitengeneza naye filamu tatu, na iliyo bora kuliko zote ni The Body Snatcher ya mwaka 1945, iliyoongozwa na Robert Wise kutokana na hadithi ya Robert Louis Stevenson.

Ni Edinburgh, mwaka 1831. Miaka mitatu kabla, Burke na Hare waliwaua watu 16 mjini humo na kuiuza miili yao kwa daktari aliyefundisha upasuaji, kwa sababu shule za udaktari zilihitaji maiti nyingi kuliko sheria ilivyoruhusu. Karloff ni Gray, mwendesha gari la farasi anayefukua makaburi usiku na kumuuzia maiti Dk. MacFarlane. Mchana anamnyanyua mtoto mgonjwa wa miguu ili amwone farasi, na upole wake ni wa kweli. Hapo ndipo filamu inapomshinda mtazamaji. Gray anajua siri ya zamani ya daktari huyo, na kila anapomwita kwa jina la utani la ujanani, tabasamu lake ni kama kisu kinachogeuzwa taratibu ndani ya jeraha.

Tukio moja lapaswa kufundishwa katika kila darasa la filamu. Mwanafunzi wa udaktari anahitaji maiti haraka, na kwa nia njema kabisa, kwani bila mafunzo hayo mtoto yule hatafanyiwa upasuaji. Barabarani yupo binti maskini anayeimba akiomba sadaka. Anatembea akiimba hadi anamezwa na giza chini ya tao la mawe. Gari la Gray linamfuata polepole, nalo linamezwa. Kamera haisogei. Tunausikia wimbo tu, kisha unakatika katikati ya neno. Hakuna damu wala kelele, na mtazamaji anatamani wimbo uendelee hata kwa sekunde moja zaidi.

Lugosi naye yumo, kama mtumishi anayejaribu kumtoza Gray fedha za kufunga mdomo na kulipia kwa uhai wake. Ilikuwa mara ya mwisho kwa wawili hao kuigiza pamoja. Inafaa kukumbuka kuwa Karloff alifanya kazi hiyo akiwa ametoka tu kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Filamu yake nyingine na Lewton, Isle of the Dead, ilisimamishwa katikati kwa sababu hiyo na kumaliziwa baadaye.

Ya tatu, Bedlam ya mwaka 1946, inahusu hospitali ya vichaa ya London ambako matajiri walilipa kiingilio kuwatazama wagonjwa kama wanyama. Karloff ni msimamizi wa hospitali hiyo, mnyenyekevu kwa wakubwa na katili kwa wanyonge. Uingereza iliipiga marufuku, nayo ilipata hasara. Lewton alifariki dunia mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 46. Karloff alimshukuru hadharani, akieleza kuwa ndiye aliyemrudishia heshima ya kazi yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya televisheni, redio na rekodi za hadithi za watoto. Mwaka 1966 sauti yake ilisimulia katuni ya Krismasi ya How the Grinch Stole Christmas, na rekodi yake ikampatia tuzo ya Grammy. Watoto wa Marekani walimpenda bila kujua kwamba mzee huyo mpole ndiye aliyewatisha babu zao.

Kufikia hapo alikuwa mgonjwa. Mapafu yalikuwa yameharibika, miguu ilishikiliwa kwa vyuma, na alitumia hewa ya oksijeni kati ya tukio na tukio. Kijana asiyewahi kuongoza filamu kubwa, Peter Bogdanovich, aliambiwa na mtayarishaji Roger Corman kuwa Karloff anadaiwa siku mbili za kazi, basi azitumie atakavyo. Bogdanovich aliandika Targets, iliyotoka mwaka 1968.

Ndani yake Karloff ni Byron Orlok, mwigizaji mzee wa filamu za kutisha anayetaka kustaafu kwa kuwa habari za magazeti zimekwisha kuzishinda filamu zake kwa kutisha. Sambamba naye yupo kijana mtanashati wa familia nzuri, anayewaua mkewe na mama yake, kisha anaanza kuwalenga risasi watu asiowajua. Kisa hicho kilitokana na mauaji ya Agosti 1966 mjini Austin, Texas, ambako mtu aliyewaua mkewe na mama yake alipanda mnara wa chuo kikuu na kuwafyatulia risasi wapita njia.

Katika tukio moja Orlok anasimulia hadithi ya kale ya mtumishi wa Baghdad aliyemkimbia Mauti hadi Samarra, asijue kuwa huko ndiko walikopangiwa kukutana. Karloff, mwenye umri wa miaka 80, aliimaliza kwa mkupuo mmoja bila kukosea neno, na wafanyakazi wote wakampigia makofi.

Mwishoni muuaji anajificha nyuma ya skrini ya sinema ya wazi, aina ile ambayo watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, kama wakazi wa Dar es Salaam walivyokuwa wakifanya zamani. Orlok wa kwenye skrini anamjia kutoka upande mmoja, na Orlok wa kweli, mzee mwenye bakora, kutoka upande mwingine. Kijana anachanganyikiwa, hajui ampige yupi. Mzee anamnasa vibao, naye anajikunyata chini kama mtoto.

Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo na Robert Kennedy Juni. Filamu ikatoka Agosti, watu wakiwa hawana hamu ya kutazama risasi, na ikapita kimya.

Karloff hakupumzika. Alipiga picha za filamu nne za Kimeksiko akiwa katika hali hiyohiyo, akarejea Uingereza, na Februari 2, 1969 akafariki dunia katika hospitali ya Midhurst, Sussex. Alikuwa na umri wa miaka 81. Filamu hizo nne zilitoka baada ya kifo chake, na hazistahili muda wa msomaji.

The Ghoul, ile iliyomrudisha nyumbani mwaka 1933, ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa imepotea. Mwaka aliofariki, nakala yake iliyokatikakatika na yenye sauti hafifu ilipatikana Czechoslovakia. Miaka ya 1980, ghala moja lililosahauliwa katika studio za Shepperton, nje ya London, lilipofunguliwa, ikakutwa negativu yake halisi, nzima na safi kana kwamba haijawahi kuguswa.