Clarence Gideon, Mfungwa Aliyedai Wakili

Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilijadili hoja isemayo kwamba mtu mkweli hahitaji wakili. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono. Nilisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba mtu asiye na hatia akisimama mbele ya hakimu na kueleza yaliyotokea, basi yatosha. Tulishinda kwa kura nyingi. Wakati wa likizo nilisoma habari za maisha ya Mmarekani mmoja, jina lake Clarence Earl Gideon, na tangu hapo ushindi ule haunifurahishi tena. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niwasimulie wasomaji habari zake.

Gideon alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1910, katika mji wa Hannibal, jimbo la Missouri. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba yake alifariki dunia. Alipofika umri wa miaka kumi na minne hivi alitoroka nyumbani, na masomo yake yakaishia darasa la nane. Haukupita muda mrefu akaanza kuiba, akakamatwa na kufungwa. Sitaki kumpamba mtu huyu. Katika ujana wake alikuwa mwizi, akaingia jela na kutoka mara kadhaa, na hata alipokuwa mtu mzima alipenda kucheza kamari. Tena aliugua kifua kikuu. Mtu wa namna hiyo akishtakiwa, nani atamwamini? Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni, 1961, nyumba moja ya kuchezea biliadi karibu na mji wa Panama City, jimbo la Florida, ilivunjwa. Vinywaji viliibwa, pamoja na sarafu zilizokuwa ndani ya mashine ya kuuzia sigara na mashine ya kupigia santuri. Shahidi mmoja aliwaambia polisi kwamba alfajiri alimwona Gideon akitoka humo na chupa ya divai, mifuko yake imejaa sarafu. Polisi wakamkamata siku ile ile, na kweli wakamkuta na sarafu nyingi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 50.

Yafaa nieleze kidogo jinsi kesi ya jinai inavyokwenda katika nchi ile. Kazi ya polisi ni kupeleleza na kukamata. Hawana ruhusa ya kuhukumu. Mwendesha mashtaka wa serikali ndiye anayemshtaki mtu kortini. Mshtakiwa huulizwa kama anakubali kosa au anakataa. Akikataa kosa kubwa, aweza kusikilizwa mbele ya juri, yaani raia wa kawaida waliochaguliwa kusikiliza ushahidi na kuamua kama ana hatia au hana. Jaji huongoza shauri na kufafanua sheria. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya serikali, nayo ni lazima ithibitishe hatia pasipo shaka ya maana. Mshtakiwa halazimiki hata kufungua kinywa. Kila upande una haki ya kuwahoji mashahidi wa upande wa pili. Haya yote ni mazuri. Lakini kuhoji shahidi ni ufundi, kama useremala ulivyo ufundi, na mtu hawi fundi kwa kupewa msumeno tu.

Tarehe 4 Agosti, 1961, Gideon alisimama kortini akasema kwamba hana fedha za kumlipa wakili, akaiomba korti impe mmoja. Jaji akamjibu kwamba kwa sheria za Florida maskini alipewa wakili ikiwa tu ameshtakiwa kwa kosa la adhabu ya kifo. Gideon hakuwa na la kufanya ila kujitetea mwenyewe. Alijitahidi sana. Alizungumza na juri, watu sita. Akawauliza mashahidi maswali. Akaleta na mashahidi wake. Lakini hakujua ni swali gani litakalofungua fundo. Shahidi mkuu akashuka kizimbani maneno yake yakiwa mazima. Juri wakamwona Gideon ana hatia, naye akafungwa miaka mitano.

Akiwa gerezani huko Raiford, kwanza aliiandikia mahakama ya juu ya jimbo, ikamkatalia. Ndipo mwezi wa Januari, 1962, ombi lake lilipofika katika Mahakama ya Juu ya Marekani, mjini Washington. Aliliandika kwa penseli, juu ya karatasi za gereza zenye mistari, na tahajia yake ilikuwa na makosa ambayo mwalimu wetu angeyapigia mistari mingi. Hata hivyo hoja yake ilieleweka: maskini aliyenyimwa wakili hakuhukumiwa kwa haki.

Tangu mwaka 1791 Katiba ya Marekani imesema kwamba mshtakiwa wa jinai ana haki ya kusaidiwa na wakili. Lakini mwaka 1942 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba majimbo hayalazimiki kumpa wakili kila maskini. Kwa hiyo mfungwa huyu alikuwa akiwaomba majaji waiache hukumu yao wenyewe.

Majaji wakakubali kumsikiliza, wakamteua Abe Fortas, wakili mashuhuri wa Washington, amtetee bila malipo. Florida iliomba majimbo mengine yaiunge mkono; mawili tu yakakubali, na zaidi ya ishirini yakawa upande wa Gideon. Fortas aliwakumbusha majaji kwamba Clarence Darrow, wakili hodari kuliko karibu wote wa zamani, aliposhtakiwa yeye mwenyewe, jambo la kwanza alilotafuta ni wakili. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda, maana hoja yangu ya muhula uliopita ilikuwa imekwisha.

Tarehe 18 Machi, 1963, majaji wote tisa waliamua kwamba Gideon alistahili kupewa wakili. Aliyeandika hukumu ni Jaji Hugo Black, ambaye mwaka 1942 alikuwa miongoni mwa wachache walioshindwa.

Wasomaji wasidhani kwamba Gideon aliachiwa papo hapo. Kesi ilirudishwa ikasikilizwe upya. Tarehe 5 Agosti, 1963, alisimama mbele ya jaji yule yule, na shahidi mkuu alikuwa yule yule. Mgeni alikuwa wakili wake, Fred Turner, mtu wa mji ule, aliyekuwa amekwisha kuizungukia habari yote kabla ya siku ya kesi. Turner alimbana shahidi kwa maswali, akaonyesha kwamba yawezekana yeye mwenyewe alikuwa akiwalindia mlango vijana wenzake. Dereva wa teksi aliyempakia Gideon alfajiri ile alisema kwamba hakumwona na divai wala kinywaji kingine. Na zile sarafu? Gideon alieleza kwamba alizipata katika kamari. Baada ya saa moja hivi juri wakarudi na kusema hana hatia.

Ukweli ulikuwa ule ule mwaka 1961 na mwaka 1963. Mara ya kwanza ulikosa mtu wa kuusema, na mtu asiye na hatia akalala gerezani karibu miaka miwili.

Katika Florida peke yake wafungwa wapatao 2,000 waliachiwa kwa sababu ya hukumu ile, na jimbo likaanzisha ofisi za mawakili wa umma. Mwaka 1966 Mahakama ikaongeza kwamba polisi, kabla ya kumhoji mtu waliyemkamata, wamwambie kuwa aweza kunyamaza, na kwamba akiwa maskini atapewa wakili. Hata leo mawakili hao wa umma hulemewa na wingi wa kesi, lakini haki yenyewe imesimama.

Gideon alirudi katika maisha yake ya kawaida. Alifariki kwa saratani tarehe 18 Januari, 1972, akazikwa Hannibal katika kaburi lisilo na alama. Jiwe liliwekwa baadaye.

Wenzangu, hapa bwenini kitu kikipotea, sote humtazama yule aliyewahi kukosa. Mimi nami nimefanya hivyo. Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na sasa naona kwamba haki yenyewe ni pamoja na kupata mtu wa kumsemea. Hoja ile ikiletwa tena, nitakaa upande wa wapinzani.