Bill Wilson: Mlevi aliyemtafuta mlevi mwenzake

Siku ya soko mjini Loitokitok, Mlima Kilimanjaro ukiwa umejifunika mawingu, si ajabu kumwona mtu aliyeamka alfajiri kuuza mbuzi wake akirejea nyumbani jioni kwa kupepesuka, mifuko mitupu. Wapita njia humcheka. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mja huyo amewahi kutaka kuacha pombe akashindwa. Hata miongoni mwetu walimu wamo watu wa namna hiyo. Twawajua, twawafichia siri, na katika kuwafichia twawaacha waangamie.

Kwa ajili yao, yafaa tuyakumbuke maisha ya Mmarekani William Griffith Wilson, aliyejulikana zaidi kama Bill.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Wazazi wake walitengana angali mtoto, akalelewa na babu na nyanya. Pombe aliizoea akiwa ofisa kijana wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alikuwa mwenye haya nyingi mbele za watu, na kileo kilimpa ulimi. Baada ya vita akawa mfanyabiashara wa hisa jijini New York, akapata fedha na sifa. Bei za hisa zilipoporomoka mwaka 1929, mali ilikwenda, ulevi ukabaki. Mkewe, Lois, ndiye aliyefanya kazi dukani ili nyumba isife njaa. Bill alilazwa hospitali mara kadhaa, na kila alipotoka alitoka na kiapo kipya, kisha akakivunja.

Mwishoni mwa mwaka 1934 alitembelewa na rafiki wa zamani, Ebby Thacher, mlevi mwenzake aliyekuwa ameacha. Mwezi Desemba Bill akarudi hospitali, na tangu hapo hakuonja pombe tena. Kwa miezi kadhaa alihangaika kuwaokoa walevi wengine, lakini hakuna aliyeacha. Alikata tamaa, mpaka Lois alipomtanabahisha kwamba yeye mwenyewe angali mzima.

Maana ya maneno hayo aliielewa mwezi Mei 1935 mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alisimama peke yake katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa yenye vicheko, upande wa pili simu. Alichagua simu. Aliwapigia watu wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Hakuwa akitafuta mtu wa kumwokoa tu. Alikuwa akijiokoa mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyokutanishwa na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kumfukuzisha kazi. Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu. Walizungumza kwa zaidi ya saa sita. Madaktari wenzake na wachungaji walikuwa wamemwonya mara nyingi. Huyu hakumwonya, alimsimulia aibu zake mwenyewe. Smith alianguka mara moja zaidi, kisha akanywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wasiotajwa majina, ambacho leo kimeenea duniani, Kenya ikiwamo.

Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha pombe. Hakuna kiingilio, na lisemwalo kikaoni halitoki nje. Mungu hutajwa, lakini kila mtu humwelewa kwa imani yake. Bill mwenyewe aliitii kanuni ya kutojitangaza. Mwaka 1954 alikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale, na jina lake kamili lilienea magazetini baada ya kifo chake tarehe 24 Januari 1971. Hakuwa malaika: sigara, ambayo ilimshinda kwa miaka mingi, ndiyo iliyomharibu mapafu.

Atasema mtu kwamba Loitokitok ni mji mdogo, kila mtu amjua mwenziwe, na Nairobi iko mbali, zaidi ya kilomita 200. Ni kweli. Lakini Akron haikuwa na kikao chochote Bill alipofika. Kilichohitajika ni watu wawili na chumba. Madarasa yetu hukaa matupu kila jioni. Wazee wetu nao wamezoea tangu jadi kuketi chini ya mti na kusikilizana mpaka neno liishe. Tunakosa nini, ila mmoja wa kutangulia kusema?

Tahadhari moja: aliyezama katika ulevi kwa miaka mingi asiache ghafla bila kumwona daktari, kwani kutetemeka na degedege vyaweza kumuua. Kikao hakichukui nafasi ya hospitali.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mzazi anayepepesuka. Nasi walimu, tukimwona mwenzetu hayupo darasani Jumatatu, tusiharakishe kumwandikia barua ya onyo. Pengine yuko mwingine shuleni humo aliyeacha pombe miaka mitatu iliyopita na hajawahi kumwambia mtu. Huyo ndiye wa kutumwa kwake.