Nikola Tesla: mtu aliyeufikisha umeme mbali

Tangu mwaka 2004, gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, husafiri kwa bomba chini ya bahari na kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam, ambako huzalisha umeme. Upepo wa kusi na kaskazi unaovuma pwani hiyo hiyo ya Kilwa na Lindi hauwezi kutiwa kwenye bomba. Ni lazima ugeuzwe kuwa umeme pale pale unapovuma, halafu umeme ndio usafiri. Mmoja wa watu waliowezesha safari hiyo ni Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi, na alitaka mwanawe naye awe kasisi. Kijana akachagua uhandisi. Alisoma Graz, Austria, lakini hakuhitimu. Mwaka 1882, akiwa Budapest, alipata wazo la mota inayozungushwa na mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi ndani ya waya mara nyingi kila sekunde.

Mwaka 1884 alihamia New York na kuajiriwa na kampuni ya Thomas Edison. Edison alitumia mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, na siku zile mtambo wake mmoja ulihudumia mitaa ya jirani tu. Tesla aliacha kazi baada ya miezi michache, na kuna wakati aliishi kwa vibarua vya kuchimba mitaro. Mwaka 1888, George Westinghouse alinunua haki ya kutumia uvumbuzi wake. Faida ya mkondo geu ni kwamba transfoma huupandisha volti ili usafiri mbali bila kupotea sana, kisha huzishusha kabla umeme haujaingia nyumbani.

Mwaka 1895 mitambo ya mkondo geu ilianza kazi kwenye maporomoko ya Niagara, Marekani. Novemba 1896 umeme wake ukafika mji wa Buffalo, umbali wa zaidi ya kilomita 30. Umeme huo ulikuwa na mapigo 25 kwa sekunde, ingawa Tesla alipendelea 60. Mapigo machache yalifaa mitambo mikubwa ya viwandani, lakini taa zilipepesa. Baadaye Marekani ilishika 60. Tanzania, kama nchi nyingi, hutumia 50.

Leo mapigo machache yanarudi kwa sababu ya mashamba ya upepo yaliyojengwa mbali baharini. Kebo ya chini ya bahari ni kama mtungi unaojazwa na kumwagwa kwa kila pigo. Kebo ikiwa ndefu, kujaza na kumwaga huko hula nafasi ya umeme wenyewe. Kwa mapigo 50, umbali ukizidi kilomita mia hivi, kinachofika ufukweni huwa kidogo. Mapigo yakipunguzwa hadi theluthi, mzigo huo nao hupungua hadi theluthi. China imeanza kujaribu njia hii kwa mapigo 20.

Njia hii ina gharama zake. Transfoma zake ni kubwa na nzito, na nchi kavu unahitajika mtambo wa kurudisha mapigo 50 ili umeme uingie kwenye gridi. Kwa hiyo shamba la upepo lililo karibu na ufuo halina haja nayo; kebo ya kawaida inatosha.

Tesla hakutajirika. Fedha alizopata zilimalizikia katika majaribio, hasa ya kusafirisha umeme bila waya, ambayo hayakufanikiwa. Alifariki dunia tarehe 7 Januari 1943, akiwa peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa na umri wa miaka 86 na akiandamwa na madeni. Mkondo geu aliousukuma ndio unaofika leo kwenye soketi ya ukutani, Kilwa Masoko hadi Lindi mjini.